Mtoto Akivunjika Mfupa: Saa za Kwanza, Plasta na Wiki Zinazofuata

Haya ni maneno ya mazungumzo ya afya yaliyoandaliwa kusomwa katika mabaraza ya wadi na mikutano ya wazazi shuleni. Yamechapishwa hapa yote kwa ajili ya wakazi ambao hawatapata nafasi ya kufika.

 

Mazungumzo ya leo yanahusu mifupa ya watoto. Msimu wa maembe na mapera huja na vilio vyake, na likizo za Aprili, Agosti na Desemba huwaleta hospitalini watoto walioshikilia mkono mmoja kwa mwingine. Mmoja kaanguka kutoka mtini, mwingine kateleza akicheza kandanda, mwingine alikuwa abiria wa tatu juu ya bodaboda. Hakuna kijiji kisichojua visa hivi. Kinachojulikana kidogo ni kwamba mfupa wa mtoto si mfupa mdogo wa mtu mzima. Huvunjika kwa namna zake, huunga kwa kasi yake, na kasi hiyo, ambayo ni baraka, ndiyo pia inayowadanganya wazazi wengi.

Mtoto mchanga aliyevunjika mtulinga wakati wa kuzaliwa, jambo linaloweza kutokea mtoto mkubwa anapopita kwa shida, huwa ameunga baada ya wiki mbili au tatu. Hafungwi plasta. Mkono wake hutulizwa tu ndani ya nguo. Mtoto wa Gredi ya 1 aliyevunjika mkono karibu na kifundo huhitaji wiki tatu hadi sita. Mtu mzima mwenye mvunjiko mkubwa anaweza kuhesabu miezi. Sababu ni kwamba mfupa wa mtoto umevikwa utando mnene wenye damu nyingi, na utando huo huanza kujenga mfupa mpya siku chache tu baada ya ajali.

Lakini mfupa unaounga haraka huunga haraka hata ukiwa umepinda. Mtoto mwenye mkono uliopinda akikaa nyumbani wiki mbili huku akikandwa na kupakwa dawa, daktari hakuti tena mfupa anaoweza kuurudisha mahali pake kwa mikono. Anakuta mfupa ulioanza kushikana vibaya. Hapo kinachobaki ni upasuaji, au kuuacha ulivyo na kungoja kuona kama utajinyoosha. Mvunjiko ukiwa umepita kwenye sehemu ya mfupa inayokua, muda ni mfupi zaidi. Baada ya siku tano hadi saba madaktari husita kuuvuta, kwa kuwa kuuvuta kunaweza kuharibu ukuaji wenyewe. Kwa hiyo mtoto anayeshukiwa kuvunjika anafaa kuonwa siku ile ile, hata kama ni Jumapili, na hata kama amenyamaza na kulala.

Kijiti kibichi na kijiti kikavu

Anayekata kuni anajua tofauti. Kijiti kikavu hukatika mara moja. Kibichi hupinda, nyuzi za upande mmoja zikachanika, za upande wa pili zikashikilia. Mfupa wa mtoto una ubichi huo, na madaktari wameuita mvunjiko wa namna hii kwa jina hilo hilo la kijiti kibichi. Mkono huonekana umejipinda lakini haulegei. Daktari humpa mtoto dawa ya usingizi au ya kutuliza maumivu, akaunyoosha mfupa, kisha akafunga plasta.

Mwepesi kuliko huo ni mvunjiko wa kubonyea. Mtoto huanguka akitanguliza kiganja, na mfupa karibu na kifundo cha mkono hubonyea kama mkebe wa bati uliokanyagwa kidogo. Uvimbe ni mdogo, vidole vinacheza, na maumivu hutokea pale panapobonyezwa. Mvunjiko huu hauhitaji kuvutwa. Banzi jepesi au bandeji kwa muda wa wiki tatu hivi hutosha. Wazazi wengine huulizia mbona mtoto hakufungwa plasta nzito kama ya jirani. Jibu ni kwamba haihitajiki.

Upo mvunjiko kamili, ambapo mfupa umekatika vipande viwili au zaidi. Unaweza kukatika moja kwa moja, kimshazari, au kwa kuzunguka kama msokoto wa kamba mguu unapokwama na mwili ukageuka. Kigasha, yaani mkono kati ya kiwiko na kiganja, kina mifupa miwili, na mara nyingi yote huvunjika pamoja. Mtoto hulazwa usingizi, mifupa ikarudishwa mahali pake, na plasta ikafungwa kupita juu ya kiwiko kwa wiki sita hivi. Hapa kuna jambo ambalo familia nyingi huliacha: mfupa unaweza kuteleza tena ndani ya plasta, bila mtu kuona kwa nje. Ndiyo maana mtoto huambiwa arudi baada ya wiki moja kupigwa picha ya eksirei. Siku hiyo si ya kukosa kwa sababu ya nauli au kwa sababu mtoto hana maumivu. Ukigunduliwa umeteleza wiki ya kwanza, husahihishwa kwa urahisi. Ukigunduliwa wiki ya sita, kazi ni nyingine kabisa.

Mvunjiko uliotoboa ngozi ni dharura, hata kidonda kikiwa kidogo kama punje ya mahindi. Mfupa ulioona hewa umepata njia ya kuingiza vijidudu, na uambukizo ndani ya mfupa unaweza kudumu miaka. Kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi na mtoto akimbizwe hospitalini. Mfupa uliochomoza usisukumwe ndani. Majivu, udongo, petroli, majani yaliyopondwa na dawa ya meno visipakwe. Hospitalini atapewa dawa ya kuua vijidudu mapema iwezekanavyo, atakingwa dhidi ya pepopunda, na kidonda kitaoshwa chumba cha upasuaji.

“Ameteguka tu”

Neno hili limechelewesha watoto wengi. Kwa mtu mzima, kifundo cha mguu kilichovimba baada ya kukanyaga vibaya mara nyingi huwa kimeteguka kweli. Kwa mtoto ni tofauti. Karibu na ncha za mifupa mirefu ya mtoto kuna ukanda wa gegedu ambako mfupa hurefukia. Ukanda huo ni dhaifu kuliko kano zinazoshikilia kiungo. Mguu ukipindwa kwa nguvu, kano hustahimili na gegedu la ukuaji ndilo linaloachia. Kwa nje kinachoonekana ni uvimbe wa kawaida.

Kati ya asilimia 15 na 30 ya mivunjiko ya mifupa mirefu ya watoto hugusa gegedu hili. Mwaka 1963, madaktari wawili wa Toronto, Robert Salter na Robert Harris, waliigawa mivunjiko hiyo katika aina tano, na hadi leo daktari wa mifupa hutumia hesabu yao. Aina mbili za kwanza kwa kawaida hupona vizuri kwa plasta. Ya tatu na ya nne huingia ndani ya kiungo, na mara nyingi huhitaji upasuaji ili uso wa kiungo uwe laini tena. Ya tano, ambapo gegedu limepondwa, ni ngumu hata kuonekana kwenye picha siku ya kwanza. Hatari ya mivunjiko hii ni kwamba mfupa unaweza kuacha kukua, au kukua upande mmoja tu, na mguu ukabaki mfupi au umepinda. Kwa hivyo mtoto huitwa kliniki kwa miezi sita, hata mwaka, baada ya kupona. Mzazi anayeona hizo ni safari za bure ajue kwamba kinachotazamwa si mvunjiko tena. Ni ukuaji.

Kuna mtoto mwingine, wa kati ya miezi tisa na miaka mitatu, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Anajikwaa kidogo, analia, kisha anakataa kukanyaga. Hakuna uvimbe, hakuna alama. Mara nyingi huwa na ufa mwembamba uliozunguka mfupa wa muundi, na picha ya siku ya kwanza inaweza isiuonyeshe. Mtoto mdogo aliyekuwa akitembea na sasa hataki kukanyaga hadeki. Apelekwe.

Na kwa kuwa linafanana, litajwe pia hili ambalo si kuvunjika: mtoto wa mwaka mmoja hadi minne anayevutwa kwa mkono mmoja, pengine akivushwa barabara au akipandishwa matatu, kisha ghafla mkono ukaning'inia hautumiki. Kichwa cha mfupa mmoja wa kigasha kimechopoka kidogo kwenye kano yake pale kiwikoni. Mhudumu anayejua hukirudisha kwa dakika moja, na mtoto huondoka akiwa ameshika biskuti kwa mkono ule ule. Watoto wadogo wainuliwe kwa kushikwa kwapani.

Kiwiko

Kati ya mivunjiko ya kawaida ya mkono kwa watoto, unaostahili kuogopwa kuliko mingine ni ule wa juu kidogo ya kiwiko. Huwapata zaidi watoto wa miaka mitano hadi saba, wale hasa waliojifunza kupanda mti kabla ya kujifunza kushuka. Mtoto huanguka akinyoosha mkono kujikinga, uzito wote unapita kwenye kiwiko, na mfupa wa mkono wa juu hukatika pale ulipo mwembamba. Mbele tu ya hapo unapita mshipa mkubwa wa damu unaolisha kigasha na vidole, na jirani yake mishipa ya fahamu inayoviendesha vidole.

Ncha ya mfupa ikisogea inaweza kuubana mshipa huo au kuuchana. Hata usipochanika, uvimbe peke yake unatosha kuleta maafa. Misuli ya kigasha imefungwa ndani ya mifuko migumu isiyotanuka. Damu na maji vikijaa humo, shinikizo hupanda mpaka damu safi inashindwa kuingia. Misuli isiyopata damu huanza kufa ndani ya saa chache, na ikifika saa sita hivi sehemu yake hairudi. Baada ya wiki kadhaa misuli hiyo hugeuka kovu, hujivuta, na vidole hujikunja kama makucha. Mtoto huyo hataweza kushika kalamu wala jembe kwa mkono huo.

Daktari Mjerumani, Richard von Volkmann, aliyaeleza madhara haya mwaka 1881, na alichokilaumu ni bandeji zilizokazwa mno. Hiyo ni zaidi ya miaka 140 iliyopita. Bandeji zilizokazwa mno bado zipo.

Dalili zake mzazi yeyote anaweza kuziona. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hasa yasiyosikia dawa. Mtoto anapiga kelele vidole vyake vinaponyooshwa taratibu na mtu mwingine. Vidole vimekuwa baridi, vimepauka au vimegeuka rangi ya zambarau. Anasema vinawasha kama siafu, au havisikii kitu. Ukibonyeza ukucha ukaachia, wekundu hauchukui sekunde mbili kurudi bali unakawia. Moja tu kati ya hizo inatosha kulegeza kila kitu kilichofungwa na kukimbia hospitalini, saa yoyote ya usiku.

Matibabu yake yanawatisha wazazi kuliko inavyostahili. Mfupa ambao haujasogea hutulizwa kwa plasta kwa wiki tatu hivi. Uliosogea hurudishwa chumba cha upasuaji mtoto akiwa usingizini, kisha nyaya mbili au tatu nyembamba hupitishwa kwenye ngozi kuushikilia. Kwa kawaida hakuna kupasua. Ncha za nyaya huachwa nje chini ya plasta, na baada ya wiki tatu au nne huchomolewa kliniki, mtoto akiwa macho, kwa muda mfupi kuliko wa kunyolewa kichwa. Vyuma hivyo havibaki mwilini. Mzazi aliyesikia neno “vyuma” akamchukua mtoto na kuondoka naye, kama inavyotokea, hukutana baadaye na kiwiko kilichopinda kuelekea ndani, na upindaji huo haujinyooshi mtoto anapokua.

Anayekanda na anayefunga vibao

Vijiji vingi vina mzee au nyanya anayejulikana kwa kuunga mifupa. Watu hawa wanaheshimiwa, na heshima hiyo haikutoka hewani. Wako karibu, hawadai pesa nyingi kwa mara moja, wanamjua mtoto kwa jina, na hawampangi mtu foleni. Wagonjwa wao wengi hupona.

Lakini ifikiriwe ni kwa nini wengi hupona. Mfupa uliobonyea ungeunga hata mtoto angefungwa leso tu shingoni. Mtulinga wa mtoto huunga kwa wiki tatu au nne kwa namna hiyo hiyo, hospitalini au nyumbani. Hawa hurudi kuchezea uwanjani na sifa za mganga husambaa. Mtoto wa kiwiko, yule ambaye damu haikuwa ikifika vidoleni tangu mwanzo, habari yake husemwa kwa sauti ya chini, na huitwa bahati mbaya. Kwa mkono mtupu, bila picha, hakuna anayeweza kuwatofautisha watoto hawa wawili saa ya kwanza. Daktari naye hawezi. Ndiyo maana anaomba eksirei.

Mambo mawili yanayofanywa huko yana hatari ya wazi. La kwanza ni kukanda. Kukanda mfupa uliovunjika huongeza uvimbe na kuzisogeza ncha za mfupa, na kwenye kiwiko kunaweza kusababisha mfupa kuota ndani ya msuli, kiungo kikakakamaa. La pili ni vibao vilivyofungwa kwa kamba ya kukazwa sana. Mkono huendelea kuvimba kwa siku mbili za kwanza, kamba haitanuki, na kilichokuwa kigumu kiasi asubuhi huwa kitanzi ifikapo usiku. Mikono imekatwa kwa sababu ya kamba, si kwa sababu ya mvunjiko uliokuwa chini yake.

Kwa wazee na akina nyanya wanaofanya kazi hii, ombi ni moja: mtoto apigwe picha kwanza. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji anaweza kuitwa, na mtoto apelekwe pamoja naye. Aliyekwisha kufungwa na vidole vikawa baridi afunguliwe hapo hapo, bila kungoja mwenye kufunga arudi.

Kabla ya kufika hospitalini

Bangili, uzi wa mkononi na mikono ya nguo inayobana itolewe kabla ya uvimbe kupanda. Kiungo kishikiliwe kama kilivyokutwa, bila kukinyoosha kwa nguvu. Katoni iliyokunjwa ni banzi zuri kuliko ubao: ifunike kiungo cha juu na cha chini ya palipovunjika, ifungwe kwa leso, na kidole cha mtu mzima kiweze kupita chini ya kifundo cha leso. Mkono uninginizwe shingoni. Mtoto anaweza kupewa parasetamoli ya kipimo cha uzito wake kwa maji kidogo. Asipewe chakula. Hili mama wengi huliona ukatili, mtoto kalia saa nzima na hana kitu tumboni, lakini akifika amekula ugali atangojea saa nyingi kabla ya kulazwa usingizi kwa usalama.

Aliyeanguka kutoka juu sana, analalamika shingo au mgongo, au alipoteza fahamu, asibebwe kwenye bodaboda. Alazwe kwenye kitu kilichonyooka, kichwa kisitikiswe, itafutwe gari. Vivyo hivyo kwa aliyevunjika paja. Mfupa wa paja ni mkubwa na damu nyingi huweza kumwagika ndani bila tone kuonekana nje. Matibabu yake hutegemea umri. Mchanga wa chini ya miezi sita huvalishwa mikanda laini inayoshikilia nyonga. Hadi miaka mitano hivi, mguu huvutwa kwa uzito kitandani, kisha au badala yake hufungwa plasta inayozunguka kiuno. Wakubwa zaidi huwekewa vyuma vyembamba vinavyopinda ndani ya mfupa. Wazazi wasishtuke wakiambiwa daktari ameacha ncha zipishane kidogo kwa mtoto mdogo. Paja lililovunjika huchangamka na kurefuka kwa sentimita moja hivi zaidi ya lenzake, na daktari anaihesabu sentimita hiyo mapema.

Zahanati nyingi hazina eksirei, lakini si kazi bure kupitia huko pakiwa karibu. Mtoto atapewa dawa ya maumivu, atafungwa banzi na kuandikiwa barua ya rufaa. Kuhusu malipo, Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Kwa matibabu yanayofuata, SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na usajili hufanywa kwa simu kwa kupiga *147#. Watoto waandikishwe chini ya mzazi kabla ya msimu wa maembe, wala si wakiwa wamelala kitandani.

Lisemwe pia jambo zito kwa ufupi. Mtoto ambaye bado hajaanza kutambaa havunjiki paja wala mbavu kwa kucheza. Zipo sababu za kiafya, kama mifupa dhaifu ya kuzaliwa nayo au matege yanayotokana na ukosefu wa jua na vitamini D, na daktari atazitafuta. Lakini ataulizia pia nani alikuwa na mtoto na ilikuwaje, na maelezo yasiyolingana na jeraha atayafuatilia. Maswali hayo si matusi kwa familia. Jirani anayejua mtoto anaumizwa anaweza kupiga 116, simu ya watoto isiyolipishwa, mchana au usiku.

Plasta nyumbani

Plasta ya chokaa hupata joto inapoganda, na huo si ugonjwa. Hukauka kabisa baada ya siku mbili hivi. Wakati huo isikaushwe karibu na jiko wala kufunikwa blanketi, na isilaliwe kwenye ukingo mgumu utakaoibonyeza ndani. Mkono au mguu uinuliwe juu ya mto, vidole viwe juu kuliko moyo, na mtoto avichezeshe mara kwa mara. Saa 24 hadi 48 za kwanza ndizo za kuviangalia vidole kama ilivyoelezwa kuhusu kiwiko, kwa kuwa plasta nayo inaweza kubana. Mzazi akifika na mtoto mwenye maumivu yanayozidi akaambiwa angoje asubuhi, ana haki ya kusisitiza aonwe sasa, na plasta ipasuliwe. Plasta hufungwa upya bila shida.

Baada ya hapo kazi ni kuiweka kavu. Tangu mifuko ya kubebea ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017, wazazi wamegundua kwamba mfuko wa mkate hutosha kabisa mkono wa mtoto wakati wa kuoga. Kijiti, rula au sindano ya kufumia visiingizwe kukuna, hata mwasho ukizidi, maana kidonda cha ndani hakionekani mpaka kinuke. Harufu mbaya, unyevu unaopenya au homa ni sababu za kurudi kabla ya tarehe. Chakula cha kawaida kinatosha: maziwa, omena, maharagwe, sukuma wiki, na jua. Supu ya mifupa ni nzuri na haina madhara, ila haiharakishi mfupa kama wengi wanavyoamini.

Wazazi huuliza kama mfupa uliounga umepinda kidogo utanyooka. Mara nyingi ndiyo. Kadiri mtoto alivyo mdogo, na kadiri mvunjiko ulivyo karibu na ncha inayokua, ndivyo mfupa unavyojirekebisha mwaka hadi mwaka, hasa upindaji ukiwa wa mwelekeo ambao kiungo hukunjwa. Mfupa uliojizungusha haujirekebishi. Msichana wa miaka 13 au mvulana wa 15 amebakiwa na ukuaji mchache wa kumsaidia, kwa hivyo daktari atamnyoosha kwa ukali zaidi kuliko mdogo wake wa miaka minne mwenye picha inayofanana. Familia zenye watoto wawili waliovunjika zimewahi kudhani mmoja alipuuzwa.

Siku ya kukata plasta, watoto wengi hulia kuliko siku waliyovunjika. Msumeno una kelele, lakini meno yake hutetemeka tu bila kuzunguka, na ukiguswa kwenye ngozi laini hutekenya. Mwambieni mapema. Mkono utatoka umekonda, una magamba, pengine una nywele zaidi ya mwenzake, na mtoto ataushika kama yai. Uoshwe kwa maji vuguvugu na upakwe mafuta, bila kusuguliwa kwa nguvu. Kiwiko kilichokakamaa kisivutwe wala kukandwa ili kinyooke. Mtoto akiachwa acheze, ale kwa mkono huo na kujivalisha mwenyewe, hukirudisha polepole, wakati mwingine kwa miezi kadhaa. Mpira na kupanda miti vingoje wiki nyingine nne hadi sita baada ya plasta kutoka, kwa kuwa mfupa mpya huvunjika tena pale pale kwa urahisi, hasa kigasha. Walimu wa michezo mliopo hapa, mtoto akija na barua ya kliniki inayosema hivyo, mpeni filimbi ashike.